Mama Hajui, Pini Anajua

Kwa miaka kumi na minne Mama Pini alifanya kazi mdomo ukiwa umejaa misumari. Si ile ya kujengea nyumba, bali ile midogo, mifupi kama kucha ya mtoto, ambayo fundi makochi huibana kati ya midomo na kuitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi. Vidole huudaka, nyundo huugonga, na kabla hujapepesa macho msumari umeshazama kwenye mbao. Aliyemfundisha kazi alifanya hivyo, naye akafanya hivyo, kwa sababu mkono wa pili ulihitajika kuvuta kitambaa. Wateja walishazoea. Ukimsalimu akiwa kazini utajibiwa kwa nyusi: zikipanda zote mbili, karibu, ikipanda moja, njoo kesho, zikishuka zote, kochi lako halijaguswa na usiulize.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Kulikuwa na meza ya kukatia, cherehani nzito iliyonguruma kama gari bovu, marundo ya sponji mpaka darini, na harufu ya gundi iliyompokea mgeni tangu barabarani. Katikati lilining'inia pazia, na nyuma ya pazia ndipo Mama Pini alipoishi na mama yake mzazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, na binti yake wa miaka saba.

Binti huyo ndiye Pini. Jina la kwenye cheti lilikuwepo, ila hakuna aliyelitumia. Kochi la zamani likivuliwa kitambaa, pini za stepla humwagika sakafuni kwa mamia, naye tangu akiwa na miaka minne alizikusanya zote na kuzipanga mstari mmoja, migongo juu, mstari ulionyooka kuliko rula. Bibi alipiga kelele kwamba mtoto atajichoma. Hakujichoma hata siku moja. Aliyezikanyaga kila wiki alikuwa Bibi mwenyewe.

Madaktari walishasema ni usonji, na Mama Pini alishalia kilio chake, akakimaliza, akarudi kazini. Alimpenda mtoto wake vile alivyo: anavyopeperusha mikono akifurahi, anavyoziba masikio cherehani ikiwaka, anavyoujua mpangilio wa ndani wa kila kochi lililopita pale. Pini aliongea, tena vizuri. Angekutajia rangi za vitambaa vyote vya rafuni kwa mfuatano, kwenda na kurudi. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakuwahi kulifanya, na jambo hilo ndilo Mama Pini alilolitamani kuliko vyote.

Pini hakuwahi kumwambia mtu kitu ambacho mtu huyo hakijui.

Mambo yalianza na sikio. Asubuhi moja Bibi aliukuta mto wa mtoto umelowa usaha. Hospitalini daktari akachungulia, akaguna, akasema ngozi ya ndani ya sikio imetoboka, maumivu yake mtu mzima angegaragara chini. "Hakusema?" aliuliza. Mama Pini alimgeukia mtoto. "Pini, mama yangu, sikio lilikuwa linauma?"

"Sikio linauma," alijibu Pini kwa utulivu, kama anayemkumbusha msahaulifu jambo wanalolijua wote wawili.

Miezi michache baadaye walikwenda kuomba nafasi shuleni. Mwalimu mkuu, mwanamke aliyevaa miwani yenye kamba na kukaa upandeupande kwenye kiti chake kana kwamba yuko tayari kuondoka muda wote, aliwasikiliza vizuri.

"Mama, sikukatai," alisema. "Lakini darasa la kwanza lina watoto hamsini na wawili na mwalimu mmoja. Mwalimu hana macho hamsini na mawili. Mtoto akiumia, akibanwa, akitaka kwenda nje, ni lazima aseme. Siku huyu atakapokuja kutuambia jambo ambalo sisi hatukuliona, mlete. Dirisha la kuandikisha linafungwa Jumatatu ya kwanza ya muhula. Mpaka hapo namwekea nafasi."

Mama Pini alirudi nyumbani na wiki tano mkononi.

Aliyemfungua macho alikuwa dada wa kliniki ya watoto, msichana mwembamba aliyeongea kwa mikono yote miwili. Mama Pini alimweleza habari ya sikio, na dada yule karibu aruke kitini.

"Huyo hakukuficha! Alidhani unajua! Kwake, kichwa chake na kichwa chako ni chumba kimoja. Kilichomo anakiona, kwa hiyo na wewe unakiona. Hajaugundua ukuta. Wapo watoto wanaougundua wenyewe wakiwa na miaka minne, na hakuna anayekumbuka walivyoujua. Watoto wenye usonji wengi huufikia kwa njia nyingine, kwa kuambiwa wazi, kwa kufikiri, kama mtu anayejifunza hesabu. Wanafika kwa wakati wao." Kisha akaongeza polepole, "Na wewe, mama, si unafanya vilevile?"

"Mimi?"

"Ukikasirika, unamwambia umekasirika?"

"Si anaona usoni!"

"Anaona?"

Miaka saba Mama Pini alikuwa akimsemesha mtoto kwa nyusi.

"Mimi ndiye niliyemsababishia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"La hasha. Amezaliwa hivyo, na hata ungekuwa mtangazaji wa redio angezaliwa hivyo. Ila unaweza kumsaidia auone ukuta. Mwambie usichokijua. Kila mara. Kwa sauti."

Kesho yake Mama Pini aliitoa misumari mdomoni. Aliiweka kwenye kikopo, akakifunga kiunoni kwa uzi. Kazi ya saa moja ikawa ya saa moja na nusu, kwa sababu sasa aliinama na kuinuka kama kuku anayedonoa. Mdomo ukabaki wazi, naye akaujaza neno moja.

"Sijui mkasi uko wapi. Pini anajua? Mama hajui."

"Sijui Bibi anapika nini. Sijamwona. Sijui."

"Sijui kwa nini Pini anaziba masikio. Ni sauti? Ni mwanga? Mama hajui."

Bibi alivumilia wiki mbili. "Nyumba hii imekuwa ya wajinga watupu," alilalamika kutoka nyuma ya pazia. "Mama hajui, Bibi asijue. Mtu akipiga hodi kuuliza njia hapa, amekwisha!"

"Na wewe sema, mama."

"Niseme sijui? Kwa umri huu? Nilishajua yote, nimeanza kuyasahau."

Lakini alisema. Mama Pini alimsikia siku moja akimnong'oneza mjukuu, "Bibi hajui alipoweka miwani," ingawa miwani ilikuwa utosini na aliijua iko utosini. Pini aliitazama miwani. Akamtazama Bibi. Akarudi kwenye pini zake. Wiki ya tatu ikapita. Wiki ya nne ikapita. Mama Pini aliyasema maneno yale mpaka akajisikia akiyasema usingizini, na mtoto akawa anayarudia vizuri, "mama hajui, mama hajui," kama kiitikio tu, huku akipeperusha mikono.

Wiki ya mwisho ikaangukia kwenye kochi la mkunga.

Mkunga mkuu wa wodi ya wazazi alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti iliyozoea kushindana na vilio. Kochi lake la watu watatu aliliharibu mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na desturi ya kukaa. Alijitupa. "Nasimama saa kumi na mbili mfululizo, mwanangu," alimwambia Mama Pini. "Nikifika nyumbani nataka kuanguka, na kochi linidake." Alilitaka Jumamosi saa nne asubuhi bila kukosa, maana saa nane alikuwa na wageni.

Mama Pini alilivua nguo zote, akakaza mikanda, akabadilisha sponji, akaanza kushona kwa sindano ile iliyopinda, ndefu kama kiganja, inayoweza kuingia na kutokea upande uleule wa kitambaa. Alhamisi mchana Bibi alimwita mara moja, akaenda mara moja, na aliporudi sindano haikuwepo. Aliitafuta mezani, chini ya meza, kwenye mabaki, mfukoni. "Sijui sindano iko wapi," alisema. "Mama hajui." Pini alikuwa amechuchumaa pembeni ya kochi akimtazama kwa pembe ya jicho, jinsi alivyozoea kutazama. Hakusema kitu. Mama Pini akaazima sindano ya seremala jirani, akamalizia kwa hiyo.

Jumamosi saa nne kamili, mkunga aliingia na mpwa wake dereva.

"Fundi!" Sauti ilitikisa kikopo cha misumari. "Alaa! Hili ndilo langu? Mbona limenenepa kuliko mimi?" Akalizunguka, akalipigapiga mgongo kama anayemcheulisha mtoto. "Haya niambie ukweli, maana ninyi mafundi nawajua. Ndani umeniwekea nini humu? Magunia?"

"Sponji mpya na mikanda mipya, mama. Hakuna kingine," alisema Mama Pini.

"Kuna," ilisema sauti kutoka sakafuni.

Watu wazima wote watatu walitazama chini. Pini alikuwa amesimama sasa. Mikono ilimpepea kwa kasi, uso umekunjamana, kama mtu aliyesikia jibu la hesabu lililokosewa.

"Kuna kingine," alisema. "Kuna sindano."

Siku mbili Mama Pini alikuwa amesema *sijui*, na neno hilo lilikuwa limepita hewani kama maneno mengine. Sasa alikuwa amesema jambo la uongo bila kujua kuwa ni uongo, na mtoto aliyejua ukweli alikuwa amegongana nalo ana kwa ana. Alipiga magoti. Hakumgusa.

"Mama hajui," alisema taratibu. "Mama hajaiona sindano. Nani anajua?"

Mkunga alitaka kusema kitu, dereva akamkanyaga mguu. Pini aliangalia kochi. Kisha akafanya kitu alichokifanya kwa nadra: aliangalia uso wa mama yake, moja kwa moja, kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tatu, kama anayechungulia dirishani mwa nyumba ya mtu akakuta ndani kuna giza.

"Mama hajui," alisema, na safari hii hakikuwa kiitikio. Sauti ilipanda kwa mshangao. Akajigonga kifua kwa kidole. "Pini anajua! Mama alikwenda kwa Bibi. Sindano ikaanguka ndani. Mkono wa kushoto. Pini aliona. Mama hakuona!"

Mama Pini alinyakua kisu.

"We fundi!" mkunga alipiga ukelele. "Unafanya nini? Nina wageni saa nane!"

Mshono wa mkono wa kushoto wa kochi ulipasuka toka mwanzo mpaka mwisho. Mama Pini alichomeka mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akapapasa sponji. Hakuna. Akasogea mbele. Hakuna. Alimwona dereva akimwangalia mkunga kwa jicho la *huyu mama ana akili timamu?*

"Mbele," alisema Pini, akirukaruka. "Mbele zaidi. Imesimama."

Ilikuwa imesimama kweli, ncha juu, kidole kimoja tu chini ya kitambaa, mahali hasa ambapo mtu anayejitupa angeutupa mkono wake. Mama Pini aliitoa, akaiinua juu ing'ae mlangoni, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa anaruka huku analia na kucheka kwa pamoja.

"Ameniambia! Mama! Mama, njoo! Pini ameniambia!"

Bibi alitoka nyuma ya pazia na mwiko mkononi, akaona sindano, akaona mtoto, akaelewa, akapiga vigelegele vilivyomfanya Pini azibe masikio na kucheka.

"Ngojeni kwanza," alisema mkunga, mikono kiunoni. "Naomba nieleweshwe. Umesahau sindano kwenye kochi langu, mimi nilikuwa nikae nichomwe hadi mfupani, na humu ndani mnashangilia?"

Mama Pini alimweleza, maneno yakipandana: sikio, shule, ukuta, Jumatatu. Mkunga alisikiliza, na kidogo kidogo mikono ikashuka kiunoni. Alipoelewa yote alivuta kiti cha plastiki, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue alikaa taratibu.

"Shona tu, mwanangu," alisema. "Wageni watanisubiri. Kilio cha kwanza cha mtoto nimekisikia kila siku ya kazi, na bado kikija nashtuka. Hiki cha leo ni cha namna hiyohiyo." Akamgeukia Pini. "Ahsante, mjukuu. Umeniokolea mkono."

"Hujui," Pini alimjibu. "Kitambaa chako kina kasoro nyuma. Mama amekigeuza."

Mama Pini alishona bila kuinua macho.

Jumapili nzima ilikuwa ni kuzima moto. Pini alikuwa amegundua kwamba dunia imejaa watu wasiojua, na akaingia kazini kwa bidii ya mtu aliyechelewa. Alimwendea seremala kwenye uzio. "Hujui. Bibi anasema milango yako haifungi." Alimwendea jirani wa upande wa pili. "Hujui. Paka wako anakula kwetu." Mchana alimkabili mama yake katikati ya chumba: "Mama hajui. Bibi ana biskuti ndani ya foronya. Anakula ukilala."

"Mtoto huyu tulimwombea nini?" alisema Bibi, akizikusanya biskuti zake kwa hasira ya kujifanya. "Mwanangu, mrudishie ule ukuta."

"Sukari si ulikatazwa, mama?"

"Sijui," alisema Bibi. "Wewe si ndiye uliyenifundisha?"

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Lakini Jumapili jioni Mama Pini alipokuwa akipiga pasi gauni la mtoto, aliitua pasi akawaza. Mtoto anaongea nyumbani, kati ya watu wake na makochi yake. Ofisi ya watu je? Mara ya mwisho pale shuleni Pini alikaa chini ya meza ya mwalimu mkuu tangu mwanzo mpaka mwisho.

Na Jumatatu akakaa palepale.

Mwalimu mkuu aliuliza jina, hakujibiwa. Aliuliza umri, hakujibiwa. Mama Pini alisimulia habari ya sindano, na kadiri alivyosimulia ndivyo ilivyozidi kusikika kama hadithi ya mama anayempenda mwanawe mno. Mwalimu alitikisa kichwa kwa upole, na upole huo ulimtisha Mama Pini kuliko ukali. Kalamu ilikuwa juu ya orodha. Nje foleni ya wazazi ilikohoa.

"Naamini yametokea, mama," alisema mwalimu. "Ila mimi sikuyaona. Na mwalimu wa darasa..."

"Umekatika," ilisema sauti chini ya meza.

Kalamu ilisimama. "Nini kimekatika?"

Mama Pini alimpa mwalimu ishara ya mkono, akanong'ona, "Mwambie hujui. Tafadhali. Mwambie."

Mwalimu mkuu alisita. Halikuwa neno ambalo mwalimu mkuu hulitamka mbele ya wazazi. Akavua miwani, akainama mpaka kichwa kikawa chini ya meza.

"Sijui," alisema. "Mwalimu hajui. Niambie."

"Kiti chako." Kidole kidogo kilitokeza na kubonyeza tumbo la kiti kwa chini. "Mkanda umekatika. Huu wa kulia. Unakaa umelala upande. Mwalimu hajui kwa sababu yuko juu. Pini yuko chini. Pini anaona."

Mwalimu aliinuka, akakipindua kiti. Kitambaa cha chini kilikuwa kimechanika, na ule mkanda wa kulia ulining'inia kama ulimi wa mbwa.

"Miaka miwili," alisema polepole. "Miaka miwili nameza dawa za mgongo. Nimepigwa picha, nimechuliwa, nimeambiwa ni uzee!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka mzazi mmoja akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Kisha akakaa kwenye kiti cha wageni, akaivuta orodha, akaandika. "Muhula mmoja tutajaribu. Wiki mbili za kwanza, mama, utakaa naye darasani. Na utamfundisha mwalimu wake hilo neno lenu, maana naona hata kwangu lilikataa kutoka."

Walipotoka getini, Mama Pini alitamani kukimbia, na kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kutokimbia, alikimbia, Pini akikimbia kando yake huku mikono ikipepea, mpaka pumzi ikawaishia penye ukuta mrefu wa kiwanda. Hapo wakasimama, wakihema. Pini aliugusa ukuta, akafuata kwa kidole mstari wa saruji kati ya matofali. Alikuwa anafikiri. Mama Pini sasa aliweza kuuona ule utulivu wa mabega na kujua kwamba hapo pana mtu anayefikiri, ila nini, hakujua.

"Mama," alisema Pini, macho kwenye matofali. "Pini anajua. Mama hajui."

"Ndiyo, mama yangu."

"Na mama anajua..." Kidole kikakoma. "Mama anajua vitu. Pini hajui." Akageuka kwa ghafla, macho yamemtoka kwa ukubwa wa wazo hilo. "Mama anajua nini?"

Katika miaka saba lilikuwa swali la kwanza la namna hiyo kumtoka. Mama Pini aliegemea ukuta. Kila kitu alichowahi kukijua kilimjia mlangoni kwa mpigo mmoja, kikisukumana: jinsi anavyochagua kitambaa kwa kukisikiliza kikikunjwa, jina lake mwenyewe la shuleni, ambalo hakulipenda, jinsi alivyoogopa wiki hizi tano, mvua ilivyonyesha siku Pini alipozaliwa. Hakujua aanze na lipi. Akashika mkono wa mtoto kwa kidole kimoja, jinsi mtoto alivyopenda kushikwa, wakaanza kutembea.

"Siku uliyozaliwa," alisema, "ilinyesha mvua, na mimi nilikuwa na kochi la mtu ambalo sijalimaliza."

"Rangi gani?" aliuliza Pini.